Kompyuta Iliyonyimwa Dhamana

Kwa miaka kumi na tisa Mfasiri alikuwa akitafsiri vijitabu ambavyo hakuna aliyevisoma, na jambo hilo halikumkosesha usingizi. Alitafsiri maelekezo ya pasi, ya pampu za maji, ya majokofu, ya mizani ya kupimia watoto wachanga, na ya mashine moja ya kukatia nyasi ambayo hadi leo hajaiona kwa macho. Watu wa mtaani walimwita Mfasiri kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa hapo walidhani ndilo jina alilopewa na babake.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, kwenye meza aliyoigeuza ikatazama ukuta, kwa sababu ilipotazama dirisha alikuwa akihesabu wapita njia. Kushoto kwake zilikaa kamusi tatu, mbili zikiwa hazina majalada. Kulia kilikaa kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Katikati ilikaa kazi.

Alijua fika yaliyovipata vijitabu vyake. Cha pampu alikikuta kwa shemeji yake kimekunjwa mara nne chini ya mguu wa kitanda, na kitanda kweli hakikucheza. Cha jokofu alikipata dukani siku aliyokwenda kununua misumari: muuzaji alichana ukurasa, akaviringisha, akatia misumari ndani. Mfasiri alitembea kuelekea nyumbani akisoma ukurasa wa nne wa kazi yake mwenyewe, akaona koma moja imekaa mahali pasipo pake. Hayo ndiyo yalikuwa maoni pekee aliyowahi kuyapata, na yalitoka kwake mwenyewe.

Mkewe alikuwa nesi katika kliniki ya mama na mtoto. Mbele za watu alimwita "Baba watoto", na wakiwa peke yao alimwita "wewe bwana". Watoto wenyewe, wawili, walishakua na kwenda na maisha yao, wakawaachia wazee nyumba yenye nafasi na kimya kingi.

Mwaka huo Mfasiri alinunua kompyuta mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ikichukua muda mrefu kuwaka kuliko yeye kuamka. Yeye aliiita kompyuta mpakato. Mkewe aliiita laptopu. Wote wawili walijua wanazungumzia kitu gani. Ilikuja na dhamana ya miaka miwili.

Mwezi wa tisa, herufi a ikafa.

Ingekuwa herufi q au x, pengine angezikwa bila kujua. Lakini mtu anayeandika Kiswahili bila a hana anachoandika. Mfasiri aliibonyeza kwa kidole, akaibonyeza kwa dole gumba, akageuza kompyuta kifudifudi na kuipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Hakikutoka kitu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi, alijaribu kutunga sentensi isiyo na a. Baada ya nusu saa alipata moja: "Simu hii si yetu." Ilikuwa sentensi safi kabisa, ila haikuhusiana kwa vyovyote na mashine ya kufulia aliyokuwa akiitafsiri.

Kazi ya mashine ya kufulia ilitakiwa ijumaa ile ile. Basi Mfasiri akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha vifaa vya simu, akanunua kibodi ya pembeni, ya kampuni ambayo jina lake lilikuwa limebandikwa kwa stika na stika yenyewe imekaa upande. Akaichomeka. A zikaanza kumiminika. Mashine ya kufulia ikaisha kwa wakati, na jumatatu yake asubuhi akatia kompyuta na kibodi kwenye begi, akaenda ofisi ya huduma kwa wateja kudai haki yake.

Ofisi ile ilikuwa na madirisha matatu ya kioo, viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma kimoja, hivi kwamba mtu mmoja akikaa wote mnajua, na mashine ya kutoa namba iliyokuwa imetoa namba zote siku nyingi zilizopita, ikawa watu wanaulizana tu nani wa mwisho. Kwenye dirisha la tatu alikaa dada mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Mfasiri alimsikia jirani yake wa kiti akinong'ona, "Omba usiangukie kwa Kifungu."

"Kifungu ni nani?"

"Huyo wa la tatu. Kijitabu chote kiko kichwani mwake."

Mfasiri akaangukia kwa Kifungu.

Alipewa fomu. Swali la sita liliuliza kama mteja amewahi kuunganisha kifaa chochote cha kampuni nyingine. Mfasiri alikuwa mtu wa kujibu fomu kweli. Akaweka alama kwenye Ndiyo, na ili asiache shaka akatoa ile kibodi begini na kuilaza juu ya meza.

Kifungu alivaa miwani, akaitazama kibodi, akaivua miwani.

"Baba," alisema, "hii ndiyo imekwisha."

"Imekwisha nini?"

"Dhamana. Kifungu cha saba: Dhamana haitahusu matumizi ya vikorombwezo vya kampuni nyingine."

Aliitamka sentensi hiyo bila kutazama popote, kwa sauti tulivu, akitua panapotakiwa kutua. Mfasiri alisikia masikio yakimpata joto. Sentensi aliijua. Neno vikorombwezo alilijua kuliko alivyojua namba yake ya simu. Kijitabu kile cha dhamana, chenye kurasa kumi na sita na jalada gumu, alikitafsiri yeye miaka minne iliyopita, na aliponunua kompyuta yeye pia hakukifungua.

"Lakini dada," alisema, "kibodi hii nimeinunua kwa sababu a ilikuwa imeshakufa."

"Kifungu cha saba hakiulizi kwa sababu gani."

"A ilikufa jumatano. Kibodi nimeinunua alhamisi."

"Hakiulizi siku pia."

Mfasiri alifikiri. Alitambua kwamba ni kweli, hakiulizi.

"Na hilo neno," akauliza polepole, kana kwamba anapita tu, "vikorombwezo. Watu wanalielewa?"

"Mwanzoni walikuwa wanacheka," alisema Kifungu. "Sasa wanakuja wenyewe wanasema, dada, nimetumia kikorombwezo, nisamehe. Limewaingia. Ni neno zuri. Ukisema vifaa vya ziada mtu anakujibu. Ukisema vikorombwezo ananyamaza."

"Aliyekiandika hiki kitabu ni nani?"

"Simjui. Mtu wa makao makuu huko. Ila ni mtu asiyependa mchezo." Akagonga mhuri kwenye fomu, na mhuri ukasema IMEKATALIWA. "Nani mwingine?"

Mfasiri alirudi nyumbani na begi lake akiwa amekataliwa na kusifiwa kwa wakati mmoja, na njiani hakuweza kuamua atangulize lipi.

Mkewe alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, ameketi sebuleni miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Imenyimwa dhamana," Mfasiri alisema akiwa bado mlangoni.

Mkewe akatoa miguu majini. "Nani kakamatwa?"

"Hakuna aliyekamatwa. Kompyuta."

"Wewe bwana," alisema mkewe, akairudisha miguu, "siku moja utaniua kwa hayo maneno yako. Sema waranti kama watu."

Basi akamweleza yote, akianzia mwisho: kwamba kuna mtu duniani aliyesoma kitabu chake, si kusoma tu, amekihifadhi, anajua na vituo, kwamba amelisifu neno vikorombwezo mbele ya foleni nzima. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na uzoefu wa kusikiliza watu wanaoanza na dalili zisizo na maana.

"Sasa hiyo kibodi," aliuliza, "ndiyo iliyoiua a?"

"Hapana. A ilitangulia."

"Kwa hiyo wamekukatalia nini?"

"Kifungu cha saba."

"Kinasemaje?"

Akamtamkia, na bila kutaka akaitamka kama Kifungu alivyoitamka, kwa kutua.

"Hicho kifungu hakina akili," alisema mkewe. "Mtu anakuja kliniki kavunjika mguu. Kaazima mkongojo kwa jirani ili afike. Mimi nimrudishe nyumbani kwa sababu mkongojo si wa hospitali?"

Mfasiri aliweka begi chini. Kisha akaenda chumbani, akavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akaanza kutafuta.

Mfasiri hakuwahi kutupa kazi. Kila kijitabu kilikuwa na bahasha yake, na ndani ya bahasha nakala ya asili katika lugha ya watengenezaji, rasimu ya kwanza, rasimu ya pili, na barua zilizopita kati yake na wapiga chapa. Bahasha ya dhamana ilikuwa ya tatu kutoka chini. Aliifungulia juu ya kitanda na kusoma kifungu cha saba cha nakala ya asili. Akakisoma tena. Kisha akachukua rasimu yake ya pili, na hapo kwa mwandiko wake mwenyewe paliandikwa: Dhamana haitahusu uharibifu uliosababishwa na matumizi ya vikorombwezo vya kampuni nyingine.

Uharibifu uliosababishwa na. Maneno hayo matatu yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na mkono ulioshika kalamu ulikuwa wake.

Akakumbuka. Mpiga chapa alikuwa amempigia simu, akamwambia kitabu kina kurasa kumi na sita, lakini Kiswahili kimekuwa kirefu na mwisho wake umemwagikia ukurasa wa kumi na saba, ambao haupo. Punguza, alisema, punguza popote, maneno kama ishirini hivi. Mfasiri alipunguza hapa na pale hadi yakabaki matatu. Alipofika kifungu cha saba aliona kwamba angeweza kuandika "vifaa" badala ya "vikorombwezo vya kampuni nyingine", au jambo kama hilo, na mambo yangekwisha. Lakini neno vikorombwezo lilikuwa limemgharimu siku mbili. Alilitafuta kwenye kamusi zote tatu, akalijaribu kwa sauti bafuni, akamuuliza hata mwalimu mmoja mstaafu kama linafaa kwa mambo ya kompyuta. Hakuwa tayari kuliachia. Akakata yale mengine. Akasoma sentensi iliyobaki, akaona bado inasimama, akapeleka.

Mkewe alisimama mlangoni akijifuta miguu kwa taulo.

"Umepata?"

"Nimepata. Si kampuni iliyokosea."

"Ni nani?"

Mfasiri akamwonyesha karatasi. Mkewe alisoma, akatazama wino mwekundu, akamtazama mumewe. Hakucheka, na hilo lilimtisha Mfasiri kuliko kama angecheka.

"Yaani miaka minne watu wanarudishwa kwa ajili ya neno lako."

"Nilidhani hawasomi."

"Mimi nikikosea dozi," alisema mkewe, "naandika taarifa siku hiyo hiyo. Sisubiri nione kama mgonjwa amesoma."

"Nikisema, hawatanipa kazi tena."

"Pengine."

"Na kompyuta ni herufi moja tu. Kibodi ninayo. Naweza kuishi hivi."

"Unaweza," alisema mkewe. "Mimi ndiye sitaweza kuishi na wewe ukiwa hivi. Unapokuwa na jambo unakuwa unakohoa." Na kweli Mfasiri alikuwa ameshaanza kukohoa.

Kesho yake asubuhi alirudi ofisini, safari hii na bahasha. Alisubiri zamu yake, akawapisha watu wawili waende dirisha la kwanza na la pili, hadi Kifungu akabaki wazi.

"Baba, tulishamalizana," alisema Kifungu.

"Sijaja kudai. Nimekuja kukuambia kifungu cha saba kina kosa."

"Kifungu cha saba hakina kosa."

"Kina. Mimi ndiye niliyekitafsiri hicho kitabu."

Kifungu akavaa miwani. "Hapa kila wiki anakuja mtu mwenye mjomba makao makuu," alisema. "Wengine wana shemeji serikalini. Wewe ndiye wa kwanza kuja na kitabu chenyewe."

"Nina rasimu hizi hapa."

"Rasimu hata mimi naweza kuandika." Akaegemea kiti. "Haya. Kifungu cha kumi na moja kinasema kompyuta isiwekwe karibu na majimaji. Cha kumi na tatu kinasema isimwagiwe vimiminika. Kwa nini umebadilisha?"

Mfasiri aliona aibu iliyopanda kutoka shingoni. "Niliviandika siku tofauti," alisema. "Katikati pana jumapili."

Kifungu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyebishana na nafsi yake kwa muda mrefu na hatimaye kushinda. "Nilijua tu ni siku tofauti," alisema. "Pita ndani."

Upande wa ndani wa vioo palikuwa na meza ya mbao, birika la umeme na kalenda ya mwaka uliopita. Mfasiri alitandaza karatasi zake. Lugha ya watengenezaji Kifungu hakuijua, lakini rasimu ya Kiswahili aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na kilipofika kwenye wino mwekundu kikasimama.

"Uharibifu uliosababishwa na," alisoma.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtu akitumia kikorombwezo, na kikorombwezo hakijaharibu kitu..."

"Dhamana yake ipo palepale. Kikiharibu, hicho kilichoharibika ndicho hakilipiwi. Kingine chote kinabaki."

Kifungu aliivua miwani na kuiacha ining'inie. Alikuwa mwanamke aliyejijengea sifa katika jengo lile, na sifa yenyewe ilikuwa kwamba hakosei. Alifungua jalada la nyuma la kijitabu, upande wa ndani, mahali ambapo maandishi ni madogo mno.

"Kifungu cha ishirini na mbili," alisema. "Pakitokea tofauti kati ya nakala hii na nakala ya asili, nakala ya asili ndiyo itakayofuatwa. Nakijua siku zote. Sikuwahi kukitumia. Nilijiuliza, tofauti itoke wapi kwenye kitabu chenye jalada gumu?"

"Samahani sana, dada."

Kifungu alivuta droo, akatoa daftari kubwa la mistari, akalifungua mbele yake. Alikuwa ameandika kila aliyekataliwa: tarehe, jina, anwani, namba ya simu, tatizo alivyolieleza fundi, na kifungu kilichomkatalia. Alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho, akiweka nukta kwa penseli kila alipokuta saba. Ilichukua muda. Birika lilichemka, likajizima.

"Sitini na mmoja," alisema. "Na wewe."

Kifungu alifunga daftari, akaenda kumwita meneja.

Meneja alipoitwa, kijana mwenye tai fupi na haraka nyingi, alisema jambo hilo ni la makao makuu. Lilipelekwa makao makuu. Wiki tatu Mfasiri alifanya kazi kwa kibodi yake ya stika, akikohoa. Mkewe alimtengenezea maji ya tangawizi huku akijua hayatasaidia.

Barua ilipokuja ilikuwa fupi. Ilisema nakala ya asili ndiyo sahihi. Ilisema ofisi ipokee kompyuta zote zilizorudishwa kimakosa, ambazo siku ya kurudishwa zilikuwa ndani ya muda. Ilisema kitabu hakitachapwa upya kwa sasa. Itachapwa karatasi ndogo ya masahihisho ibandikwe ukurasa wa tisa. Na aya ya mwisho ilisema kwamba, kwa kuwa ndugu mfasiri tayari anaifahamu sentensi husika, anaombwa aiandike yeye. Hapakuwa na neno la kumlaumu. Mfasiri aliisoma mara nne akilitafuta.

Akaandika sentensi. Akampa mkewe asome. Mkewe akasoma kama asomavyo lebo ya chupa, neno kwa neno, akasema imekaa. Akampelekea na Kifungu, naye akasema imekaa. Hakuna sentensi ya kijitabu katika miaka yake yote kumi na tisa iliyowahi kusomwa na watu wawili kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Kifungu aliwapigia simu watu wa kwenye daftari, mmoja mmoja, akitumia sauti ileile aliyotumia kuwakatalia. Wengine walidhani ni matapeli na kukata. Wengine walikuja na kompyuta zao zimefungwa kwenye khanga, kwenye gunia, kwenye begi la shule la mtoto. Walioshindikana kwa simu walibaki wanne, na hao Mfasiri alisema atawafuata mwenyewe kwa miguu. Hakuna aliyemtuma. Kifungu alimwandikia anwani zao kwenye kipande cha karatasi na kumwambia, "Huyo wa mwisho ni mkali. Siku ile nilimwambia dhamana imekwisha, akaniuliza imekwishaje."

Wawili walikuwa wamehama. Wa tatu alikuwa mama muuza vitambaa aliyesema kompyuta yake ilishatengenezwa na mpwa wake, wala hana kinyongo na mtu, ila kama kuna zawadi ataipokea. Hapakuwa na zawadi. Akampa Mfasiri kiti na maji ya kunywa hata hivyo.

Kwa wa nne alikwenda siku aliyotoka kuchukua kompyuta yake ofisini, a ikiwa imefufuka, begi likiwa begani. Huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu. Nyumba yake ilikuwa na uzio ulionyooka kuliko uzio wowote Mfasiri aliowahi kuuona. Mwenyewe alimsikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, hadi Mfasiri alipomaliza habari ya maneno matatu, ukurasa wa kumi na saba na wino mwekundu.

"Kwa hiyo haikuwa kipanya," alisema mpima ardhi.

"Kipanya gani, mzee?"

"Kaa."

Akaeleza, kwa ufupi wa mtu aliyezoea kuandika ripoti. Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, alimletea kipanya kisicho na waya alipostaafu. Zawadi. Baada ya miezi mitatu kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Akaipeleka dirisha la tatu, akaambiwa dhamana imekwisha kwa sababu ya kipanya. Akampigia mdogo wake akamwambia, umeniletea takataka imeniharibia kompyuta. Mdogo wake akasema kipanya hakiwezi kuharibu kioo. Yeye akasema, kitabu cha kampuni kinasema. Mdogo wake akamjibu jambo kuhusu kitabu cha kampuni ambalo mpima ardhi hakulirudia. Huo sasa ni mwaka wa pili hawajasemezana.

Mfasiri alitoa nakala ya ukurasa wa daftari aliyokuwa amepewa na Kifungu. "Fundi aliandika hapa," alisema. "Waya wa kioo umelegea kwa ndani. Hilo ni la kiwandani. Kipanya hakikuhusika. Ukiileta kompyuta, wataitengeneza."

"Niliiuza kwa wauza vipuri. Nimeshanunua nyingine." Mpima ardhi alitazama uzio wake. "Kompyuta siitaki. Nataka barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kusema ulivyosema."

Mfasiri aliomba karatasi. Alikaa kwenye meza ya mwenyeji wake, akashika kalamu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui aanzeje. Hapakuwa na nakala ya asili pembeni. Alijaribu mstari, akaukata. Mpima ardhi alimletea karatasi nyingine. Mwishowe akaandika:

"Ndugu, kifungu cha saba cha kitabu cha dhamana kilipungukiwa na maneno matatu. Niliyaondoa mimi. Kwa sababu hiyo kaka yako alirudishwa isivyo haki. Fundi alithibitisha kwamba waya wa kioo ulilegea wenyewe. Kipanya ulichomletea kaka yako hakikuwa na kosa, wala wewe hukuwa na kosa. Kosa ni langu." Akatia sahihi.

Mpima ardhi alisoma akiwa amesimama. "Tarehe," alisema. Mfasiri akatia tarehe. "Mhuri?"

"Sina mhuri, mzee. Mimi ni mtu tu."

Mpima ardhi aliwaza kidogo, akaamua kuikubali hivyo. Akachukua simu, akatafuta namba ya mdogo wake, akabonyeza. Ilipopokelewa hakusalimia. Alisema, "Sikiliza," akaisoma barua yote kuanzia juu hadi kwenye sahihi, kwa sauti ya mtu anayetaja mipaka ya kiwanja.

Upande wa pili redio ilipunguzwa sauti.

"Kaka," ikasema sauti mwishowe, "kipanya unacho bado?"

"Kipo kwenye droo. Tangu siku ile sijakigusa."

"Kinafanya kazi?"

"Nitajuaje?"

"Kijaribu."

Mpima ardhi alifungua droo, akakitoa kipanya, kimefungwa kwa mpira pamoja na kidude chake cha kuchomeka. Akakitazama, akaitazama kompyuta yake mpya iliyofunikwa kitambaa kwenye kona. "Si kwenye yangu," alisema. "Ile bado ina dhamana." Akageuka kumtazama Mfasiri, na begi la Mfasiri.

Mfasiri alifungua begi. Akaiweka kompyuta mezani, akaiwasha, akapokea kile kidude na kukichomeka ubavuni. Wakasubiri. Mpima ardhi alikiweka kipanya juu ya meza, akakisukuma taratibu kwenda kulia, na mshale juu ya kioo ukaenda kulia.

"Kinatembea," aliiambia simu.

"Nilikuambia," ikasema simu.

"Uliniambia," alikubali mpima ardhi. Akavuta kiti, akaketi, na kumwuliza mdogo wake habari za magoti yake.